Kabla ya kutuletea jiko jingine

Siku hizi kila mkutano wa vijana hapa Nakivale unatajwa "ubunifu unaomweka mtu katikati". Anayekuja na mradi wa taa analitaja, wa programu ya simu analitaja, wa majiko ndo usiseme. Maana yake siyo ngumu: kabla ya kutengeneza kitu, anza na yule atakayekitumia, angalia anavyoishi, jaribuni pamoja, rekebisheni, halafu ndipo mtengeneze vingi. Wazo ni zuri na sisi tunalipenda. Ugomvi wetu ni jinsi linavyofanyika hapa. Mtuvumilie, leo tutaandika kwa urefu kidogo.

Jinsi linavyofanyika mnajua. Tunaitwa watu ishirini kwenye ukumbi, mama kumi, vijana sita, wazee wanne. Tunagawiwa karatasi za rangi tubandike ukutani. Tunaulizwa: mna changamoto gani? Tunaandika. Mnataka nini? Tunaandika. Soda inakuja, nauli inakuja, picha inapigwa. Baada ya miezi kadhaa kitu kinaletwa kwa lori, na kwenye ripoti imeandikwa kwamba wakimbizi wenyewe walishiriki kukibuni. Baada ya wiki tatu hicho kitu kiko sokoni kinauzwa.

Hapo sasa ndipo maneno yanapoanza. "Wakimbizi hawana shukrani. Ukiwapa kitu wanauza." Tumeyasikia kwa masikio yetu, na yanasemwa hata na wenzetu walioajiriwa. Sisi tunasema hivi: kitu kikiuzwa sokoni, hiyo ni ripoti. Tena ni ripoti ya kweli kuliko ile ya karatasi za rangi, kwa sababu sokoni mtu hasemi kumfurahisha mgeni. Wachache wetu tulizunguka kwa wachuuzi wanaonunua vitu vya mgao, tukawauliza ni kipi kinakuja haraka na kwa nini. Tulijifunza mengi kwa mchana mmoja.

Chukua mfano wa jerikeni. Kuna ile ya plastiki laini inayokunjika, ambayo wakimbizi wapya hupewa sehemu nyingi duniani. Ukimuuliza mtu wa bohari, ni kitu cha akili kabisa: nyepesi, inajikunja, maelfu yanaingia kwenye lori moja. Lakini sisi huku tunatafuta ile ya njano ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, na mtu yuko tayari kuinunua kwa pesa yake. Kwa nini? Haipasuki haraka, sawa. Inafungwa vizuri kwenye baiskeli, sawa. Ila kuna sababu nyingine ambayo hakuna semina iliyowahi kuitoa. Pale bombani jerikeni ndiyo inayopanga foleni. Unaiweka kwenye mstari alfajiri, unaenda shamba au unarudi kuandaa watoto wa shule, na jerikeni inakushikia nafasi. Ile laini ikiwa tupu inalala chini kama kitambaa, upepo unaibeba, na nafasi yako imekwenda. Aliyeichora alifikiria kubeba maji. Sisi kwanza tuna kazi ya kusubiri maji.

Hilo hutalipata kwa kuuliza "mna changamoto gani". Mama hawezi kukuambia, na siyo kwamba hajui. Kwake ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba halionekani kama jibu. Unalipata kwa kukaa bombani saa tatu bila kuuliza kitu.

Sasa majiko, maana ndiyo yaliyotufanya tuandike. Nakivale ni ya tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza, na kuni za hapa zimekatwa na watu wa zama zote hizo hadi sisi. Kutafuta kuni ni hatari kwa mabinti na ni ugomvi na wenyeji wetu wa Isingiro. Kwa hiyo jiko linalokula kuni kidogo siyo anasa, tunalihitaji kweli. Lakini ni jiko la nani? Mkongomani anasonga ugali wa muhogo, anausonga kwa nguvu, mikono miwili kwenye mwiko, na sufuria ni ya watu wanane. Mrundi ana maharage yanayochemka nusu ya siku. Msomali anataka makaa ya taratibu kwa chai, na asubuhi canjeero kwenye kikaango bapa. Mhabeshi anataka sahani pana ya injera, na bado kuna kahawa ya kukaanga. Halafu linakuja jiko moja, dogo, zuri, lenye mdomo wa sufuria moja, na linagawiwa sawa kwa sawa. Ukisonga ugali juu yake linayumba. Mama anamwita mtoto ashike jiko, mtoto anaungua mkono, na jiko linakwenda sokoni. Mafiga matatu yanarudi. Mafiga hayayumbi, jamani.

Tulimuuliza mama mmoja wa Kashojwa kwa nini kwenye semina alisema jiko ni zuri. Akacheka. "Mwanangu, kijana wa watu ametoka mbali, ana jua lote hilo, nimwambie kitu chake kibaya? Na nikimwambia, atanipa lingine?"

Alicheka, lakini alichosema baadaye hakikuwa cha kuchekesha, na ndicho tunachotaka ndugu wa mashirika wakisome mara mbili. Alisema yule kijana alimuuliza anapika mara ngapi kwa siku. Naye akajibu mara moja. Anapika mara mbili, wakati mwingine tatu, kwa sababu anauza chapati na maandazi. Kwa nini alidanganya? Kwa sababu mtu aliyevaa jaketi kama lile, mwenye kompyuta ndogo ya mkononi kama ile, ndiye aliyewahi kuja kumuuliza maswali kama yaleyale kabla familia yake haijabadilishwa kategori.

Kwa msomaji wa mbali tueleze. Aprili 2020 mgao wa chakula Uganda ulishuka kutoka asilimia 100 ya posho ya msingi hadi 70, na haukurudi juu. Julai 2023 shirika la chakula duniani, WFP, likaanza kutugawa kwa makundi: wenye shida zaidi asilimia 60, wa katikati asilimia 30, na wale wanaoonekana kujitegemea hawapati kitu. Mei 2025, pesa za wafadhili zilipokauka, watu kama milioni moja nchini waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Hatulaumu hapa aliyepanga makundi. Pesa ilikuwa imeisha, na mtu ilibidi apange. Tunasema tu kilichotokea kwa midomo yetu. Tangu hapo kila swali linaloanza na "nyumbani kwenu mna…" linasikika kama mtego. Una simu? Hapana. Una taa? Imeharibika. Unapika mara ngapi? Mara moja. Biashara inaendaje? Haiendi.

Sasa niambie, wewe mbunifu mwenye nia njema kutoka Kampala au Ulaya, unabunije kitu kwa majibu hayo? Unaweka katikati mtu ambaye hayupo. Unatengeneza jiko la familia inayopika mara moja kwa siku, taa ya mtu asiye na simu ya kuchaji, programu ya akiba ya mtu asiye na biashara. Mtu wa kweli amejificha nyuma ya jibu lake, na ana haki ya kujificha, maana jibu lake linaweza kumla chakula cha watoto.

Kwa maoni yetu hilo ndilo tatizo la kwanza, hata kabla ya semina na karatasi za rangi. Anayekusikiliza ili akutengenezee kitu na anayekupima ili aamue kama utakula hawawezi kuwa mtu mmoja, wala kufanana, wala kuandika kwenye kifaa kimoja. Mkitaka tuseme ukweli kuhusu jiko, msiandike namba ya karatasi ya familia. Msiulize tuko wangapi halafu mkapiga picha nyumba. Na mtuambie mbele ya watu, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, kwamba karatasi hii haiendi kokote kwenye mambo ya kategori. Halafu iwe kweli isiende.

Kuna watakaosema: kama ni hivyo, mpeni mtu pesa tu, atanunua anachotaka. Tunakubali kwa sehemu kubwa. Mwenye pesa mkononi ana kitu kimoja ambacho mpokeaji wa mgao hana, anaweza kukataa. Anaweza kulishika jiko, kulitikisa, kusema "hili linayumba" na kwenda kwa muuzaji wa pili. Ila pesa hainunui kitu ambacho hakipo sokoni. Kama hakuna jiko linalobeba sufuria ya watu wanane bila kuyumba, pesa yako itanunua makaa zaidi, basi. Lazima mtu alitengeneze kwanza.

Na limewahi kutengenezwa, tena karibu. Wengi wetu tumepikia jiko la kauri lililozaliwa Kenya, lile la bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lenye kiuno chembamba na kitako kipana. Wazo lake lilitoka Thailand, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi, wale wa Shauri Moyo, wakaanza kulifanyia kazi pamoja na wataalamu. Halikutoka sawa siku ya kwanza. Ilichukua miaka ya kujaribu na kurekebisha hadi udongo usipasuke na bati lisiungue, na kile kitako kipana kinalisaidia lisianguke wakati wa kusonga. Leo linauzwa hata Mbarara, na kila fundi analitengeneza kivyake. Ona lakini jambo moja: halikuenea kwa kugawiwa bure. Mama wa Nairobi alilinunua kwa pesa yake, na asipolipenda alimwachia fundi. Fundi asipouza hali, kwa hiyo alisikiliza. Hapa kwetu asiyesikiliza analipwa mshahara uleule. Samahani kwa ukali, lakini ndivyo ilivyo.

Na hizi pesa za simu tunazotumia kila siku zilianzaje? M-PESA ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kwa mambo yao. Wenye mradi wangeweza kusema "mnaitumia vibaya". Hawakusema hivyo. Waliangalia watu wanafanya nini nayo, wakaibadilisha, na Machi 2007 ikatoka kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Hapa kwetu mtu akigeuza matumizi ya kitu anaitwa mharibifu. Nenda kaangalie ni taa ngapi za jua hapa zimefunguliwa na fundi simu ili zichaji kitochi. Hiyo ni michoro ya bure, iko pale mezani, hakuna anayeinunua.

Mfano tunaoupenda zaidi uko mlangoni kwetu, Mbarara. Pale chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, kuna daktari wa watoto, Dkt. Data Santorino, ambaye alihusika kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa ule mfuko na barakoa. Mafunzo yalikuwepo, vifaa vilikuwepo, na bado kuna watoto waliokuwa wanapotea. Kazi ile ni ngumu kwa mikono: barakoa ikikaa vibaya kidogo hewa inavuja pembeni, shingo ya mtoto ikikaa vibaya njia inaziba, na mkunga hana namna ya kujua. Ukimuuliza kama anajua kutumia kile kifaa atasema ndiyo, na hadanganyi, amefundishwa. Kwa hiyo Santorino na wahandisi wa Marekani, kupitia hakathoni na kituo cha CAMTech, wakabuni kifaa kidogo kinachokaa kati ya mfuko na barakoa na kumwambia mkunga palepale: hewa inavuja, njia imeziba, unakwenda haraka mno. Hawakumletea mashine ya kuchukua kazi yake. Walitazama mikono yake inakwama wapi, wakaiongezea macho.

Mtu huyo anafanya kazi mjini, tunapokwenda kila tukitafuta simu ya bei nafuu. Vijana wa Nakivale wangapi wamewahi kupelekwa kumsikiliza? Badala yake tunaletewa video za California.

Tusidhani pia kwamba hili ni kosa la wakimbizi kudharauliwa tu, maana pesa kubwa imewahi kupotea mahali pengi. Afrika Kusini walibuni pampu ya maji inayozungushwa na watoto wakicheza, PlayPump. Kila aliyeiona kwenye picha aliipenda. Mwaka 2006 zikatangazwa Marekani dola milioni 16.4 za kuisambaza, na lengo lilikuwa pampu 4,000 kufikia 2010. Halikufikiwa. Watoto wakichoka, mama mtu mzima anazungusha bembea peke yake mbele ya watu ili apate maji. Kitu kilimpendeza aliyetoa pesa, kikamchosha aliyechota.

Tunajua ndugu zetu wa mashirika mna yenu. Mfadhili anataka namba, anataka vitu 5,000 vigawiwe kabla ya mwisho wa robo mwaka, na hakuna mstari kwenye bajeti unaosema "kukaa bombani". Wengine wenu mmetuambia wenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba mliona jiko linayumba na hamkuwa na pa kulisema. Basi tusaidiane kulisema. Tunachoomba hakihitaji mradi mpya. Kwenye kila pesa ya kugawa kitu, tengeni sehemu ya kurekebisha baada ya mgao wa kwanza, na mgao wa kwanza uwe mdogo. Rudini baada ya msimu wa mvua, siyo baada ya wiki mbili kitu kikiwa bado kinang'aa. Mkifika anzieni sokoni, kwa fundi na kwa mchuuzi, mwone kipi kimeuzwa na kipi kimefunguliwa. Mama akikaa siku nzima kuwajaribia jiko, mlipeni kama mnavyomlipa mtaalamu, maana hiyo siku hakuuza maandazi. Na mlipeni kwa namna ambayo haitahesabiwa kesho kuwa "ana kipato".

Kutengeneza hapahapa nako kunawezekana, msituambie haiwezekani. Kule Kyaka II wanawake wakimbizi wametengeneza MakaPads, taulo za hedhi za mafunjo na karatasi zilizotumika, ubunifu wa Dkt. Moses Musaazi wa Makerere. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mafundi wa kuchomelea tunao, wafinyanzi tunao, udongo ndo usiseme.

Kwa vijana wenzetu neno moja. Mashindano ya ubunifu yamekuwa mengi, na wenzetu wengine wamejifunza kuongea lugha ya majaji vizuri kuliko lugha ya jirani. Programu ya simu ya kutafuta kazi, kwa Kiingereza, inayohitaji bando, kwa mtaa ambao wengi wana kitochi? Mtu akizaliwa Juru haimaanishi anajua mama wa Rubondo anapika vipi. Naye lazima akakae bombani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tumesikia majiko mapya yanakuja kabla ya mvua za Septemba, na semina ya "kukusanya maoni" itatangazwa. Hatutaisusia. Tunaomba tu majiko kumi yaje kwanza bila semina. Tumeshaongea na nyumba kumi zilizokubali: tatu za Wakongomani wenye sufuria kubwa, mbili za Warundi, mbili za Wasomali, moja ya Wahabeshi, moja ya Wanyarwanda, na moja ya bibi anayeishi peke yake na hawezi kuinama. Watapika nayo mwezi mzima, na sisi tutakaa jikoni mwao tukiangalia. Majina hatutawapa. Mchomeleaji mmoja wa Base Camp yuko tayari kukata na kuunga papo hapo, ila bati na umeme wake lazima mlipe. Maharage watanunua wenyewe.